Kilo Saba Zilizorudi

Fundi alivua kandambili, akavua shati, akavua na saa ya mkononi, ndipo akapanda juu ya mizani iliyokaa nyuma ya mlango wa bafu. Mshale uliyumba kidogo, ukatulia kwenye themanini na tisa. Akashuka, akaisogeza mizani kwenye kigae kingine akidhani sakafu imelala upande, akapanda tena huku ameshika pumzi. Themanini na tisa. Alitamani kusema mizani ni mbovu, lakini juzi tu alikuwa ameijaribu kwa mfuko wa sukari wa kilo mbili, na ilisema kilo mbili bila kupepesa macho.

Mkewe akagonga mlango. "Baba watoto, umelala humo?"

"Natoka."

"Mizani inasemaje leo?"

"Palepale," alijibu, akafungua bomba ili sauti ya maji imsaidie kudanganya.

Palepale maana yake ilikuwa themanini na mbili, uzito aliokuwa nao siku alipopasuliwa, miezi kumi na moja iliyopita. Kwa hiyo kilo saba zilikuwa zimerudi mwilini mwake kimyakimya, na katika nyumba ile alizijua yeye peke yake.

Mtu huyu alikuwa fundi cherehani, anashona suti na sare za shule katika chumba kimoja kilichopakana na duka la dawa. Tangu darasa la tatu watu walimwita Bonge, na hakuwahi kuchukia jina hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Akiwa na miaka arobaini na miwili alikuwa na kilo mia moja na kumi na saba. Kiti chake cha cherehani alikitengenezesha kwa seremala, mbao ngumu na misumari mirefu, baada ya viti viwili vya plastiki kumwangusha mbele ya wateja. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza.

Kicheko kilikoma mdogo wake alipougua. Huyu mdogo wake wa kike alikuwa mwalimu wa hesabu, na baada ya wazazi wao kufariki, damu ya nyumba ile ilibaki kwao wawili tu. Figo zake zote mbili zilichoka. Siku tatu kila wiki alilala kando ya mashine ya kusafisha damu, saa nne kwa kila zamu, akitoka amekauka kama nguo iliyokamuliwa. Bonge alipima damu, akaambiwa figo yake inamfaa dada mtu kabisa. Akafurahi, akamwambia daktari wachukue hata kesho.

Daktari alimtazama juu mpaka chini. "Siwezi kukupasua ukiwa hivi. Nitaokoa mmoja nimpoteze mwingine. Shuka mpaka themanini na tano, halafu tuongee."

Aliwahi kujaribu kupungua huko nyuma, mara nne au tano, kwa ajili ya magoti, kwa ajili ya mkewe, kwa ajili ya picha fulani iliyomtia aibu. Hakuna aliyeamini kwamba safari hii angeweza. Akajikaza kisabuni. Soda alizokunywa nne kwa siku aliziacha siku hiyohiyo. Akaanza kwenda kazini kwa miguu, dakika arobaini na tano kwenda, arobaini na tano kurudi, mvua inyeshe isinyeshe. Alikula kwenye sahani ya mwanawe mdogo, ile yenye picha ya samaki, na samaki akishaonekana, amemaliza. Kila Jumamosi asubuhi simu ililia.

"Kaka, ngapi?" mdogo wake aliuliza, bila hata salamu.

"Mia na nane nukta tano."

"Nukta tano nayo tunaihesabu. Mimi mwalimu wa hesabu, usinichezee."

Namba zile mdogo wake aliziandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani karibu na mashine yake, na wauguzi wakawa wanaifuata kama matokeo ya mpira. Namba ilipofika chini ya mia, chumba kizima cha wagonjwa kilipiga makofi, na mmoja akaomba aongee na huyo Bonge kwenye simu ampongeze. Ikachukua miezi kumi na mitatu. Alipanda kitanda cha upasuaji akiwa na themanini na mbili.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Figo ilianza kazi hata kabla mdogo wake hajaamka. Jumamosi iliyofuata simu ililia kama kawaida, na fundi akaipokea huku ameshazoea swali.

"Kaka, kidonda kinauma?"

"Kidogo."

"Pole. Pumzika." Na simu ikakatwa.

Hakuulizwa ngapi. Hakuulizwa Jumamosi iliyofuata, wala iliyofuata tena. Hakuna aliyekosea, kazi ilikuwa imekwisha. Watu waliompongeza walimpongeza kwa kitu kilichokwishafanyika. Daktari tu ndiye aliyesema, wakati wa kumruhusu, kwamba figo iliyobaki sasa inabeba mzigo wa mbili, presha isipande, uzito usirudi, na aje kukaguliwa baada ya mwaka mmoja. Fundi aliitikia ndiyo, ndiyo, akiwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Zamani kila alipokataa kipande cha mkate, alimwona mdogo wake pale kwenye mashine, na mkate ukamtoka mawazoni. Sasa mdogo wake alikuwa darasani akifundisha, ana sauti, anagombeza watoto. Kipande cha mkate kikawa kipande cha mkate tu. Ukikatae kwa ajili ya nani?

Kilo mbili za kwanza alizilaumu kwa kulala kitandani akiuguza kidonda. Kisha ukaingia msimu wa kufungua shule, shule tatu zikamletea kazi ya sare kwa mara moja, akakaa kwenye cherehani toka alfajiri mpaka jioni. Kutembea kukafa. Pakiti ya biskuti ikahamia kwenye droo ya vifungo, ili asipoteze muda wa kwenda kula. Alikula bila kuangalia, mguu ukikanyaga kanyagio, mkono mmoja ukiongoza kitambaa na mwingine ukipapasa droo, na siku moja alitafuna kifungo, akakitema, akaendelea.

Sare ziliisha. Biskuti hazikuisha.

Hofu haikuanza kwenye mizani, ilianza kiunoni. Wakati alipokuwa akipungua alikuwa amezipunguza suruali zake zote, lakini kitambaa kilichozidi hakukikata; alikikunja ndani ya mshono. Mkewe alipomuuliza, alisema ni kitambaa kizuri, kukikata ni hasara. Sasa, siku moja mchana, alifunga mlango wa duka, akavua suruali, akafumua mshono wa nyuma kwa wembe na kuuachia upana wa vidole viwili. Akaushona tena, akaupiga pasi mpaka alama ikapotea. Mtu ambaye kutwa nzima anapima viuno vya wenzake alikuwa amekaa na nguo ya ndani nyuma ya mlango uliofungwa, akikificha cha kwake. Alijiona kama mwizi, na aliyemwibia hakumjua vizuri.

Tangu hapo roho ikawa juu. Kila asubuhi alibonyeza miguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kuona kama panabaki shimo. Alihesabu safari za chooni. Akienda mara nyingi aliogopa, akienda mara chache aliogopa zaidi. Aliupapasa ule mshono wa ubavuni, mshono usioshonwa na mkono wake, na kuwaza kilichobaki ndani, kimoja, kikichuja peke yake usiku na mchana bila mwenzake wa kukipokea. Mizani alianza kuipanda mara moja kwa siku, kisha asubuhi na jioni, kisha kabla na baada ya kila mlo, hata kabla na baada ya kunywa maji.

Siku moja alipenya hadi duka la dawa la jirani. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye watu walimwita Mama Dawa.

"Nipime presha, dada. Basi tu, kupitisha muda."

Mama Dawa akamfunga mkanda mkononi, mashine ikavuma, naye akatazama namba kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mia na arobaini na nane kwa tisini na nne. Umepanda ngazi sasa hivi?"

"Ndiyo," alisema fundi.

"Ngazi zipi? Unatoka mlango wa pili, na hatuna ghorofa hapa."

Fundi akacheka, akainuka, akasema kuna mteja anamsubiri.

Alipobakiwa na wiki mbili kabla ya siku ya kukaguliwa, aliapa kuzimaliza zile kilo saba zote kwa mkupuo. Asubuhi chai isiyo na sukari, mchana yai moja, jioni alimwambia mkewe ameshiba. Siku tatu alikwenda vizuri. Siku ya nne, saa tisa mchana, alijikuta amesimama nyuma ya pazia la wateja wa kujaribia nguo, ameshika mkate mzima, anaumega na kuumeza mkavu bila chai. Alipomaliza, akakunja mfuko wake mdogomdogo na kuusukuma chini kabisa ya pipa la vipande vya nguo. Akakaa chini pale nyuma ya pazia, amejaa mpaka kooni, na machozi yalimlengalenga. Hakuwa na njaa hata alipokuwa anauanza.

Usiku ule hakula, na asubuhi yake hakula. Tena alikuwa amesikia mahali kwamba mabondia, wakikaribia kupimwa, huacha maji. Maji nayo ni kilo, alijiambia. Siku mbili kabla ya miadi akaacha kunywa.

Siku iliyofuata, karibu na saa sita, karani mmoja wa benki alikuja kujaribu suruali yake mpya. Fundi alipiga magoti kupima pindo, pini nne amezibana midomoni kama desturi yake, chaki mkononi. Karani akawa anamsimulia habari za bosi wake. Fundi alisikia sauti ile ikienda mbali, kama redio inayopoteza mawimbi. Sakafu ikaja juu. La mwisho alilowaza lilikuwa pini: tema pini.

Alizitema. Karani alisema baadaye kwamba ndicho kilichomtisha, kuona pini zinamwagika kutoka mdomoni mwa mtu, halafu mtu mwenyewe anafuata. Alikimbia mlango wa pili huku suruali imeshikwa upande mmoja na pini, upande mwingine anaikanyaga.

Fundi alipofumbua macho aliona uso wa Mama Dawa, karibu sana.

"Kunywa. Kidogokidogo." Alimshikia kikombe, akamvuta ngozi ya mkono kwa vidole viwili na kuiangalia inavyochelewa kurudi. Uso wake ukabadilika. "Mara ya mwisho kunywa maji ni lini?"

Fundi akatazama kikombe.

"Nimekuuliza."

"Juzi."

"Juzi! Wewe mwenye figo moja? Ulikuwa unataka kuidanganya mizani au unataka kufa? Niambie moja, ili nijue nimpigie nani."

Alimpigia mke, kisha akampigia mdogo mtu, na wote watatu wakampeleka hospitali. Fundi aliwekewa dripu. Daktari wa zamu alichukua damu, akasema majibu yatatoka jioni, na kabla ya hapo hawezi kusema lolote. Mkewe alitoka kwenda kuwapokea watoto shuleni. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni.

"Hukosi pa kusemea, baba watoto. Mimi ningekula nawe hilo yai moja. Lakini palepale, palepale, kila siku palepale!" Akaenda zake.

Mdogo wake akabaki. Alikuja moja kwa moja kutoka darasani, vumbi la chaki bado liko vidoleni. Alivuta kiti, akakaa, akapangusa chaki kidole kimoja kimoja mpaka fundi akashindwa.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwa lipi?"

"Nimerudi themanini na tisa. Labda leo themanini na sita, lakini hiyo ni ya uongo. Niliogopa ukijua utaona umenimaliza. Umepona wewe, halafu mimi ndiyo naharibika na hiki kilichobaki."

Mdogo wake alitazama mikono yake. Kisha akasema polepole, "Kaka, hebu niangalie vizuri. Hukuona kitu?"

Fundi akamwangalia. Uso ulikuwa umejaa, mashavu yamekuwa ya mviringo. Alikuwa ameyaona, naam, na moyoni aliyaita afya.

"Kilo kumi na moja," alisema dada. "Tangu tutoke hospitali. Zile dawa za kuzuia mwili usiikatae figo zinaleta njaa ambayo sijawahi kuiona. Naamka nikiwaza chakula. Nafundisha kugawanya, nawaza keki. Na kila nikila najisemea, figo si yako hii, umepewa, kaka yako aliteseka miezi kumi na mitatu, na wewe unaijaza mafuta. Unafikiri kwa nini niliacha kukuuliza ngapi?"

"Kwa sababu kazi imekwisha."

"Kwa sababu ningekuuliza, na wewe ungeniuliza."

Walitazamana. Fundi ndiye aliyeanza kutingishika kwa kicheko, akajaribu kuzuia, bomba la dripu likatikisika. "Kwa hiyo huko nako inapenda mkate."

"Inapenda sana! Kaka, umenipa figo yenye uchu."

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha kicheko kikaisha kama kilivyoanza, kila mmoja akawa anasikiliza nyayo za korido, kwa sababu majibu yalikuwa bado.

Yalikuja saa kumi na moja. Daktari wa zamu alisema kipimo cha figo kimepanda, na kwamba inaweza kuwa ni maji tu, au inaweza kuwa zaidi ya maji. Watarudia baada ya siku tatu. Siku tatu hizo ndizo zilizokuwa ndefu kuliko miezi yote. Fundi alikula alichopewa, akanywa maji kwa saa, na mkewe akaichukua mizani akaifungia kabatini, ufunguo akautia kwenye pochi yake. Fundi alipopita bafuni na kuona pale mahali patupu, mkono ulimwasha.

Kipimo cha pili kilishuka. Hakikurudi chini kabisa kama mwanzo, lakini kilishuka. Yule daktari wake wa siku zote aliisoma karatasi mara mbili, akaisikiliza na habari ya mkate. Hakumgombeza, na hilo lilimtisha fundi kuliko kugombezwa.

"Safari hii umepona. Sitaki kukuahidi ya pili," alisema. "Sikiliza. Kupungua ulikuwa na mtu wa kumkimbilia. Sasa unatakiwa kubaki ulipo, na hapo hakuna mstari wa kumalizia. Wengi wanashindwa hapo, si wewe tu. Mizani mara moja kwa wiki. Kula mara tatu, kwa saa yake, njaa iwepo isiwepo, maana ukijinyima ndipo unapobugia mkate mzima. Tembea. Presha nitakuandikia dawa. Rudi baada ya mwezi."

"Na nikishindwa?"

"Utakuja kuniambia umeshindwa, kwa mdomo wako, ukiwa umekunywa maji."

Ndivyo alivyoanza upya, bila makofi. Mambo hayakunyooka. Mwezi wa kwanza alishuka kilo moja na nusu, wa pili akapanda moja, kwa sababu ya wiki ya mahafali ambapo shule moja ilitaka majoho arobaini. Biskuti ziliondoka kwenye droo, zikarudi, zikaondoka. Mdogo wake alianza kuja dukani saa kumi na nusu, akitoka kazini, wakawa wanatembea pamoja kwenda nyumbani, wakibishana njia nzima kuhusu nani alianza kuvunja sheria wiki hiyo. Siku nyingine mmoja alikuwa na hamu ya kutembea na mwingine hana, na asiye na hamu alikokotwa. Siku chache hakuna aliyekuwa na hamu. Walipanda gari, wakakaa viti vya mbali kwa aibu.

Woga nao haukuhama. Bado kuna asubuhi anazokaa ukingoni mwa kitanda, kidole gumba kikielekea kifundoni chenyewe. Hukaa hivyo kidogo, kisha huvaa soksi.

Juzi aliingia dukani kijana mmoja mnene, dereva wa lori, amekuja kupunguziwa suruali tano kwa mpigo. Alikuwa amepungua kilo ishirini, uso unang'aa, hashikiki.

"Fundi, nimesikia na wewe ulikuwa bonge la mtu. Hebu nipe siri. Umewezaje kukaa hivyo?"

Fundi alimzungushia utepe kiunoni, akaandika namba kwa chaki. Alitafuta neno la kumpa, la maana, la mtu aliyefika. Hakulipata.

"Mwaka jana zilirudi saba," alisema. "Nimetoa nne. Tatu bado ninazo, hizi hapa." Akajipiga tumboni.

Uso wa dereva ukashuka kidogo. "Kwa hiyo zinarudi?"

"Zinajaribu. Una mtu wa kumwambia zikirudi?"

Kijana alifikiri. "Mama yangu, labda."

"Mwambie mapema. Usisubiri ziwe saba."

Akamwandikia siku ya kuja kuchukua suruali zake. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saba mchana. Hakuwa na njaa, lakini alinawa mikono, akafungua chombo cha chakula alichofungiwa nyumbani, akavuta kiti karibu na mlango penye hewa, akaanza kula.